Gesi ya Mtwara na Gesi ya Mtungi: Jina Moja, Vitu Viwili

Wiki mbili zilizopita nilipeleka mtungi kubadilisha kwenye duka la mtaani kwetu, hapa Dar es Salaam. Nje ya duka mitungi mitupu ilikuwa imejipanga hadi barabarani, na kijana wa dukani alikuwa anamwambia kila anayefika maneno yale yale: "Mzigo hakuna, meli haijashusha." Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu akamkata kauli. "Meli gani tena, mwanangu? Gesi si inatoka Mtwara kwa bomba? Ina maana yetu inapelekwa nje halafu tunakuja kuuziwa wenyewe?" Foleni nzima ikaitikia. Kijana akakosa la kusema, akainamia daftari lake.

Swali hilo nimelisikia kwenye daladala, barazani, hata ofisini kwa watu waliosoma sana. Ni swali la haki. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha mkoani Lindi, iliyogunduliwa mwaka 1974, inafika Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004. Mwaka 2015 likazinduliwa bomba kubwa kutoka Mtwara. Umeme wa Ubungo na Kinyerezi unatokana na gesi hiyo. Sasa mtungi wa jikoni unatoka ng'ambo kwa sababu gani?

Jibu fupi ni kwamba zile ni gesi mbili tofauti, na bahati mbaya tunaziita kwa jina moja. Jibu refu linaanzia kwenye matope ya zamani mno, kabla hapajawa na binadamu hata mmoja duniani. Mimi napenda jibu refu, maana ukilishika hilo unaelewa pia kwa nini mafuta ya Uganda lazima yapashwe moto ndipo yatembee kwenye bomba, na kwa nini Ruvuma wanachimba makaa ya mawe huku Lindi wakichimba gesi.

Tuanze na majina. Nishati ya kisukuku ni jina la jumla la makaa ya mawe, mafuta ghafi na gesi asilia. Kisukuku ni mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhiwa ardhini. Kwa hiyo hii ni nishati iliyotokana na viumbe waliokufa, wakazikwa kabla hawajaoza kabisa, wakapikwa na joto la ardhi. Mafuta na gesi vimejengwa hasa kwa vitu viwili, kaboni na haidrojeni. Makaa ya mawe ni kaboni kwa sehemu kubwa.

Fikiria kaboni kama mtoto mwenye mikono minne, na haidrojeni kama mtoto mwenye mkono mmoja. Kaboni moja ikishikwa na haidrojeni nne, mikono yote imejaa, na hiyo ndiyo methani. Kaboni tatu zikishikana mikono zikajipanga, na mikono inayobaki ikakamatwa na haidrojeni, hiyo ni propani. Zikiwa nne ni butani. Endelea kuongeza: petroli ni mchanganyiko wa minyororo ya kaboni kama tano hadi kumi na mbili, mafuta ya taa yanafuata, halafu dizeli, halafu nta, na mwisho kabisa lami ile ya barabarani, ambayo ni mafundo makubwa mazito.

Ni watoto wale wale wa mikono minne. Kinachobadilika ni urefu wa foleni.

Na urefu huo ndio unaoamua tabia. Mwaga mchele mkavu mezani, kila punje inakwenda zake. Mwaga tambi zilizochemshwa, zinashikamana donge. Minyororo mifupi haishikani, inatawanyika, ndiyo gesi. Ya kati inashikana kiasi, ndiyo mafuta yanayomiminika. Mirefu sana inang'ang'aniana, ndiyo nta na lami. Methani, fupi kuliko zote, haiwi kimiminika hadi uipoze kufikia nyuzi 162 chini ya sifuri. Propani inatosheka na nyuzi 42 chini ya sifuri. Butani ni karibu na sifuri yenyewe, baridi ya barafu tu.

Hapo ndipo kilipo kisa cha mtungi. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Ukiigandamiza kwa nguvu ya wastani, hata katika joto la Dar es Salaam, inakuwa kimiminika. Tikisa mtungi uliojaa utausikia ukichezacheza ndani kama maji kwenye dumu. Ukifungua jiko, kile kimiminika kinachemka taratibu na kutoa mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Kinapochemka kinavuta joto kutoka kwenye chuma, ndiyo maana ukipika maharage kwa muda mrefu mtungi unakuwa baridi na kutoa jasho upande wa chini. Jasho linapoishia ndipo gesi ilipofikia. Mama zetu wanapima hivyo kila siku, na ni kipimo kizuri.

Methani haina utii huo. Katika joto letu hili, hata uisukume kwa nguvu gani, haigeuki kuwa kimiminika. Itabanana tu. Ndiyo maana bajaji na magari yanayotumia gesi yanabeba mitungi minene mizito, inayojazwa kwa mgandamizo unaokaribia mara 200 ya ule wa hewa ya kawaida, yaani kama mara mia ya upepo wa tairi la gari. Mtungi wa jikoni haukujengwa kwa kazi hiyo. Njia nyingine ni kuipoza hadi zile nyuzi 162, ambapo ujazo wake unapungua kama mara 600 na kuweza kubebwa na meli maalumu, lakini hilo linahitaji kiwanda kikubwa mno.

Na gesi ya Songo Songo ni methani kwa takriban asilimia 97. Ile ya Mnazi Bay, Mtwara, inafanana nayo. Wataalamu wanaiita gesi kavu, kwa kuwa haina minyororo mirefu ya kutosha kuchujwa. Propani na butani zimo kwa chembechembe tu. Hatujazificha wala kuziuza kwa siri. Ardhi yetu ya pwani haikutupa kwa wingi. Gesi ya mitungi inapatikana kwa kusafisha mafuta ghafi, au kwa kuchuja gesi nzito ya nchi nyingine, kisha inaletwa kwa meli. Kijana wa dukani alisema kweli.

Nikiwa hapo hapo kwenye minyororo, kuna jambo madereva wanalijua vizuri: kuchakachua. Kwa nini watu walichanganya mafuta ya taa kwenye dizeli, si maji, si mafuta ya kula? Kwa sababu minyororo ya mafuta ya taa na ya dizeli imepakana, mingine ni ile ile. Vinachanganyika bila kujitenga, na macho hayaoni tofauti. Injini ndiyo inayoona, kwa sababu mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli. Ndiyo maana EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kemikali ya kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iishe. Waliolipia sana hatua hiyo ni wenye vibatari na majiko ya utambi.

Sasa, minyororo hii ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye jua. Mmea au mwani unachukua hewa ukaa na maji, na kwa nguvu ya mwanga unaunda sukari, mafuta na nyuzi. Kaboni ya hewani inakuwa mwili. Kiumbe akifa, kwa kawaida bakteria na kuvu wanamla, kaboni inarudi hewani, hesabu inafungwa. Jani la mwembe lililoanguka uani halidumu misimu mingi. Karibu kila kitu kilichowahi kuishi duniani kiliishia hivyo.

Nishati ya kisukuku ni kile kidogo sana kilichoponyoka. Ili mwili usioze kabisa, lazima oksijeni ikose. Aliyewahi kupita kwenye mikoko wakati maji yamekupwa anakujua kulivyo: mguu unazama, tope linatoka jeusi tii, linanuka kama yai viza. Ndani yake kuna mabaki ya majani na mizizi ambayo hayajaoza, na harufu ile inatoka kwa bakteria wanaoishi bila oksijeni. Tope la namna hiyo, likifunikwa na tope jingine, na jingine, kwa mamilioni ya miaka, linashuka chini. Na kadiri unavyoshuka ardhini joto linapanda, kama nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita.

Kuanzia hapo njia zinatengana.

Ya kwanza ni ya makaa ya mawe, na malighafi yake ni mimea ya nchi kavu: miti, majani, magome yaliyoangukia kwenye kinamasi. Hatua ya mwanzo inaonekana hata leo. Katikati ya bonde la mto Congo kuna msitu wa kinamasi ambao udongo wake ni tabaka la mimea isiyooza, sehemu nyingine lenye kina cha mita kadhaa, na mwaka 2017 watafiti walikadiria kuwa limebeba tani bilioni 30 za kaboni. Rwanda wanachimba tabaka kama hilo la kwao na kulichoma kuzalisha umeme. Hiyo ni mboji ya kinamasi, makaa ya mawe ambayo hayajaiva. Ikizikwa, ikibanwa, ikipashwa joto, maji yanatoka, gesi zinatoka, kaboni inabaki. Makaa ya Ngaka huko Ruvuma, pamoja na ya Mchuchuma na Kiwira, yamepitia safari hiyo kwa zaidi ya miaka milioni 250. Kwenye miamba ya umri huo kusini mwa Tanzania kunapatikana alama za majani marefu kama ulimi ya mmea uitwao Glossopteris, na majani hayo hayo yamepatikana India, Australia na hata Antaktika, kwa kuwa wakati ule mabara hayo yalikuwa yameungana na yetu.

Watu wengi huchanganya mkaa na makaa ya mawe, na mchanganyiko wenyewe una busara ndani yake. Mchoma mkaa anapanga magogo, anayafunika kwa majani na udongo, anawasha, kisha anakesha akiziba kila tundu linalotoa moshi mwingi. Hewa ikiingia tu, asubuhi atakuta majivu. Anachofanya ni kupasha mti joto bila oksijeni ili maji na gesi vitoke na kaboni ibaki. Ardhi ilifanya hilo hilo. Tofauti ni kwamba tanuri la mchoma mkaa huiva kwa siku kadhaa kwa moto mkali, na la ardhini kwa mamilioni ya miaka kwa joto la pole.

Njia ya pili ni ya mafuta na gesi. Hapa malighafi hasa ni mwani mdogo usioonekana kwa macho, pamoja na bakteria, walioelea juu ya bahari au ziwa na kuzama walipokufa. Miili yao ina mafuta mengi kuliko mti. Wakizikwa kwenye tope laini wanageuka kwanza kuwa kitu kigumu cheusi kiitwacho kerojeni, ambacho si mafuta bado. Tope likifika kina cha kilomita mbili, tatu au nne, joto likiwa kati ya nyuzi 60 na 150 hivi, kerojeni inaanza kukatika na kutoa minyororo ya mafuta. Joto likipita hapo, mafuta yenyewe nayo yanakatwakatwa, minyororo inazidi kuwa mifupi, hadi inabaki methani. Ni kama sufuria iliyoachwa jikoni: mapema mno haijaiva, ukichelewa umekosa ulichokusudia. Bakteria pia wanaweza kutengeneza methani kwenye matope ya juu bila joto kubwa, lakini gesi ya pwani yetu wanajiolojia huihusisha zaidi na kupikwa sana huko chini.

Uganda ni picha ya upande wa pili. Mafuta ya Ziwa Albert, yaliyothibitishwa kuwa ya kibiashara mwaka 2006, yalitokana na mwani wa ziwani, na mwani wa aina hiyo hutoa minyororo mirefu yenye nta. Chukua mafuta ya nazi asubuhi ya kipupwe uone yalivyoganda kwenye chupa, ukiyaanika juani dakika chache yanalainika. Ya Uganda ni magumu zaidi ya hayo, yanaganda hata kwenye joto la kawaida la mchana. Ndiyo sababu bomba lake la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa kuwa la kupashwa joto, mafuta yabaki kwenye nyuzi 50 au zaidi njia nzima. Niliwahi kusikia mtu akidai kuwa kupasha bomba moto ni mbinu ya kula fedha. Bila joto hilo, bomba lingeziba kama mrija wa samli.

Kuna mambo matatu yanayorudiwa sana ambayo lazima niyaguse.

La kwanza ni dinosaria. Sisi tuna sababu ya pekee ya kulipenda wazo hili, kwa kuwa Tendaguru, Lindi, ndipo yalipochimbwa kati ya 1909 na 1913 mifupa ya yule mnyama mkubwa mwenye shingo ndefu anayesimama leo kwenye makumbusho ya Berlin. Dinosaria Lindi, gesi Lindi, basi mtu anajumlisha. Lakini mnyama wa nchi kavu akifa analiwa na kuoza juani, na mfupa uliobaki ni madini. Hata wote wangezikwa, uzito wao si kitu mbele ya mwani uliokuwa ukinyesha kimya kimya kwenye sakafu ya bahari, kila siku, miaka nenda miaka rudi. Mwani ndio uliofanya kazi.

La pili ni kwamba chini kuna ziwa la mafuta, na wakishachota tutabaki na shimo tutakalotumbukia. Hapana. Mafuta na gesi vimo ndani ya jiwe. Kabla ya neno mtungi kupewa chuma cha gesi, lilikuwa la chombo cha udongo cha kupozea maji. Ule mtungi unatoka jasho kwa sababu ukuta wake una vitundu visivyoonekana ambamo maji yanapenya. Jiwe la mchanga liko hivyo hivyo. Mafuta na gesi vikishaiva hupanda polepole kupitia vitundu hivyo, kwa kuwa ni vyepesi kuliko maji yaliyojaa kwenye miamba, hadi vikutane na tabaka la udongo mfinyanzi lisilopenyeka. Hapo vinanasa. Visiponasa vinafika juu, na ndiyo maana huko Tundaua, Pemba, mafuta yamekuwa yakivuja yenyewe ardhini.

La tatu ni kwamba mafuta hayana uhusiano na viumbe, yanatengenezwa na miamba na visima hujijaza upya. Wazo hili liliwahi kushikwa na watu wazito. Mendeleev, mkemia wa Urusi aliyepanga jedwali la elementi, alilitetea miaka ya 1870. Lakini katika miaka ya 1930 mkemia Mjerumani, Alfred Treibs, alikuta ndani ya mafuta ghafi molekuli zenye umbo la klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, imebadilika kidogo lakini inatambulika. Jiwe halina klorofili. Tangu hapo alama za viumbe zimepatikana kwenye mafuta mengi sana. Ni kweli kwamba methani kidogo inaweza kuzaliwa bila viumbe, na ni kweli kwamba si methani yote ni ya kale: ile iliyoyeyuka kwenye kina cha Ziwa Kivu, ambayo Rwanda inaivuna kuzalisha umeme, bado inatengenezwa na bakteria, na sehemu ya hewa ukaa wanayotumia inatoka kwenye volkano za eneo lile. Lakini Kivu si Songo Songo. Kwenye visima vya mafuta na gesi ya kale, tunachotoa kwa mwaka kilichukua muda ambao akili haiwezi kuubeba.

Na tunapokichoma, ile hesabu iliyofungiwa chini inafunguliwa. Kilo moja ya propani ikiungua vizuri inachukua oksijeni ya hewani na kutoa kilo tatu kamili za hewa ukaa, pamoja na maji. Mtungi wa kilo 15 ni kilo 45. Hilo silisemi ili mtu arudi kwenye kuni, maana moshi wa kuni unaua watu majikoni. Nalisema kwa kuwa kaboni hiyo ilitolewa hewani kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka, na sisi tunairudisha kwa karne mbili.

Yule mama hakupata mtungi siku ile, wala mimi. Tulirudi pamoja tukisukuma mitungi mitupu kwenye toroli la kijana mmoja, na njiani nikamweleza haya kwa kifupi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali zuri kuliko yote ya foleni ile: "Kwa hiyo wakinivutia bomba nyumbani, hapo nitapikia ya Mtwara?"

Ndiyo, mama. Bomba halihitaji gesi iwe kimiminika, ndiyo maana ziko nyumba Mtwara na Mikocheni zinazopikia methani tayari. Jiko linaweza kuwa lile lile, ila fundi lazima abadilishe tundu za kutolea gesi aweke pana zaidi, kwa sababu methani ya ujazo ule ule ina joto pungufu ya nusu ya propani. Na likivuja, tahadhari ni tofauti. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni na kujificha chini ya kitanda, kwa hiyo unafungua mlango na huwashi chochote. Methani ni nyepesi karibu nusu ya hewa, inapanda darini, inataka dirisha la juu. Zote mbili hazina harufu. Ile harufu kali imewekwa makusudi ili pua ikuamshe.

Alisimama mlangoni kwake, akautazama mtungi mtupu. "Kumbe huu nauweka pale chini ya ngazi, hakuna hata upenyo," akasema. Akamwambia yule kijana wa toroli aupeleke nyuma, barazani, halafu akaenda kumwuliza mjumbe kama anajua bomba litafika lini mtaani kwetu.